Mtoto wa tumboni hali meno ya mamake

Maswali haya hayakomi kutufikia, kutoka Kondele na Nyalenda hadi Dunga, hapa Kisumu: mbona fizi zangu zinatoka damu tangu nishike mimba? Na je, ni kweli kila mtoto huondoka na jino moja la mama? Nitaanza na la pili, kwa sababu limewafanya akina mama wengi kukubali kupoteza meno ambayo yangeokolewa.

Si kweli. Hadi anapozaliwa, mtoto huhitaji takriban gramu 30 za kalsiamu, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Mwili wa mama hujipanga mapema: matumbo yake hufyonza kalsiamu ya chakula karibu mara mbili ya kawaida, na ikipungua, hukopa kwenye mifupa, ambayo ina akiba ya karibu kilo nzima. Jino halimo katika hesabu hiyo. Enameli haina hata mshipa mmoja wa damu, kwa hivyo hakuna njia ya kalsiamu kutoka humo ikamfikia mtoto. Omena, dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, ndio wanaomfaa zaidi kwa kalsiamu. Na anayemtaja nyanya mwenye pengo la mbele kama ushahidi akumbuke kwamba wazee wengi wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya chini ujanani, kwa mila ya nak. Uzazi haukuhusika.

Lakini damu kwenye mswaki ni ya kweli. Inakadiriwa kuwa wajawazito 60 hadi 75 katika kila 100 huvimba fizi. Kisa chake ni cha ajabu kuliko hadithi ya kalsiamu, na ningependa kila mkunga akijue.

Watafiti Harald Löe na John Silness, katika ripoti za mwaka 1963 na 1964, walionyesha kwamba fizi za wajawazito huanza kuwaka karibu mwezi wa pili, uvimbe ukafikia kilele mwezi wa nane, kisha ukapungua. Cha kushangaza ni kwamba ukoga kwenye meno haukuwa umeongezeka kwa kiasi cha kuueleza uvimbe huo. Uchafu ule ule, fizi zile zile, ila sasa zinafura. Kwa nini?

Sehemu ya jibu ilitoka Michigan mwaka 1980, kwa Kenneth Kornman na Walter Loesche. Kwenye ukoga huishi bakteria aitwaye Prevotella intermedia. Ili akue, anahitaji kemikali ya jamii ya vitamini K. Sasa mwanamke akishika mimba, homoni za projesteroni na estrojeni hupanda mara nyingi zaidi ya kawaida, na haziishii kwenye damu. Hupenya hadi kwenye ule umajimaji mwembamba unaochuruzika kati ya jino na ufizi. Umbo la homoni hizi linakaribiana na la kemikali anayoitafuta bakteria huyu, naye huzipokea badala yake. Kwa hiyo homoni za kulea mimba huwa zinamlisha mdudu wa fizi, na katika utafiti huo idadi yake ilipanda kuanzia mwezi wa nne hivi. Wakati huo huo projesteroni hulegeza kuta za mishipa midogo ya ufizi hadi ikavuja kwa urahisi, na askari wa damu wanaopaswa kuwakabili bakteria hupunguza makali. Mambo matatu yanakutana mahali pamoja.

Ila tazama: ukoga usipokuwepo, homoni hazina wa kumlisha. Kwa hiyo ushauri wa "acha kupiga mswaki mpaka ujifungue, fizi zisichubuke" ni kinyume kabisa cha kinachohitajika. Damu inatoka kwa sababu kuna ukoga, nao unatolewa kwa mswaki.

Wachache, pengine watano katika 100, huota kinyama chekundu kati ya meno kinachovuja damu kikiguswa. Si saratani wala si jicho la mtu. Mara nyingi hunywea chenyewe baada ya kujifungua. Daktari akione hata hivyo. Asikikate muuza dawa.

Je, fizi mbovu huleta mtoto njiti? Mwaka 1996 Steven Offenbacher na wenzake waliona uhusiano huo nchini Marekani. Kisha mwaka 2006 jaribio la akina mama 823, huko huko Marekani, likaonyesha kwamba kutibu fizi wakati wa ujauzito hakukupunguza njiti, ingawa matibabu yenyewe yalikuwa salama. Karibu nasi, Malawi, wajawazito wapatao 10,000 walifuatiliwa katika vituo vinane vya afya. Waliotafuna chingamu yenye zailitoli mara moja au mbili kwa siku walijifungua kabla ya wakati kwa asilimia 12.6, wenzao asilimia 16.5. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini ni jaribio moja, na chingamu ya sukari ya dukani si hiyo.

Linaloniudhi zaidi ni kauli kwamba mjamzito hatibiwi jino. Anatibiwa. Sindano ya ganzi ya lidokaini ni salama, eksirei ya jino hupigwa ikihitajika, na jino lililooza hung'olewa. Miezi ya kati ndiyo nafuu zaidi kwa mama kulala kitini, lakini usaha haungoji kalenda. Mwanamke anayerudishwa nyumbani na jino linalouma huishia kwa wauzaji wa sokoni, wenye unga wa kuua "wadudu wa meno" na wengine maji ya betri ya kudondoshea kwenye tundu. Hakuna mdudu wa aina hiyo. Maji ya betri ni asidi inayounguza nyama ya kinywa, na anayemwekea mjamzito anamtesa kwa pesa zake.

Duka la dawa nalo lina hatari zake. Tetrasaiklini, zile kapsuli za rangi mbili, hushikamana na kalsiamu na kubaki ndani ya meno ya mtoto yanayoanza kukomaa karibu mwezi wa nne. Anaweza kuyaota yakiwa ya manjano au kahawia. Ibuprofeni na diklofenaki, kuanzia wiki ya 20, zinaweza kudhuru figo za mtoto. Parasetamoli inatosha hadi umwone daktari.

Odowa, udongo mgumu kama mawe ambao baadhi ya wajawazito hutafuna, nayo ina hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanawake wa Bondo uliona kuwa waliokula udongo walikula wastani wa zaidi ya gramu 40 kwa siku. Ni mawe hayo, yanasaga meno. Hamu hiyo iambie kliniki, wakupime damu.

Mengine ni mafupi. Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti unafaa ukifika hadi nyuma. Ukitapika, sukutua kwa maji, ungoje nusu saa au zaidi ndipo upige mswaki, maana asidi imelainisha enameli. Soda na chai ya sukari zipungue. Ukienda kliniki ya wajawazito, omba pia kitengo cha meno. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wengi wanaiita Russia, inacho. Na shavu likivimba kuelekea jichoni au chini ya taya, homa ikapanda, au mdomo ukawa haufunguki, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo, na ukifika useme mimba yako ni ya wiki ngapi.