Kabla Hujanunua Dawa ya "Kusafisha Figo": Namna Mwili Unavyopima Maji ya Damu

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa kwa wingi masokoni, katika vituo vya mabasi na kwa njia ya simu, zimo chai, unga wa majani na vidonge vinavyodaiwa kuwa vinasafisha figo. Uthibitisho anaoutoa muuzaji aghalabu ni mmoja: mnunuzi atajionea mwenyewe kwamba anakojoa mara nyingi, na kwamba mkojo wake umekuwa mweupe kama maji. Uthibitisho huu huvutia kwa sababu sehemu yake ni ya kweli. Mkojo huongezeka, na rangi yake hupauka. Kinachopotoshwa ni maana ya jambo hilo, na mtumiaji hawezi kuutambua upotoshaji huo asipojua kwanza figo zinafanya nini na maji yaliyomo katika damu.

Figo ni mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Zote mbili kwa pamoja hazifikii uzito wa nusu kilo, lakini hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani karibu lita 1 kila dakika. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vinavyokadiriwa kufikia milioni 1. Damu ipitapo hapo kwa shinikizo, maji na vitu vilivyoyeyuka ndani yake hupenya, ilhali chembe za damu na protini hubaki. Kwa siku moja maji yanayochujwa hivyo hufikia lita 180. Mtu mzima hana maji kiasi hicho mwilini. Majimaji ya damu yake, ukiziondoa chembe, ni lita 3 hivi. Maana yake majimaji hayohayo hupitishwa katika chujio takriban mara 60 kwa siku. Kiungo kinachofanya kazi hiyo usiku na mchana hakingojei kikombe cha chai ili kisafishwe.

Katika lita hizo 180, mkojo unaotoka ni lita 1 au 2 tu. Maji mengine yote hurudishwa katika damu. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, hurudishwa mwanzoni kabisa mwa mirija ya figo bila kungoja amri yoyote. Uamuzi wenyewe hufanyika mwishoni, katika mirija inayokusanya mkojo kabla haujashuka kibofuni. Hapo kuta za mirija zaweza kuyaachia maji yarudi katika damu au kuyazuia yasirudi, na amri hutoka mbali, yaani katika ubongo.

Chini ya ubongo zimo seli zinazohisi uzito wa chumvi katika damu. Damu ikizidi kuwa nzito hata kwa asilimia 1 tu, seli hizo hutambua, na tezi iliyo jirani nazo humwaga homoni iitwayo vasopresini. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi katika figo, na ikifika, seli za mirija ya mwisho husogeza vijilango vya maji kwenye kuta zake. Vijilango vya namna hii, vinavyopitisha maji na kuizuia chumvi, vilimpatia mwanasayansi Mmarekani Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Vikifunguka, maji hurudi katika damu, na mkojo unaosalia huwa mchache na wa rangi iliyokolea. Mtu akinywa maji mengi, mambo hugeuka: damu hupungua uzito, homoni hukatizwa, vijilango huondolewa, na baada ya nusu saa hivi mkojo mwingi mweupe huanza kushuka. Wapo wagonjwa, ingawa ni wachache, ambao homoni hii hawanayo kabisa. Hao huweza kukojoa zaidi ya lita 10 kwa siku, na mkojo wao ni mweupe kupindukia, wala hakuna anayeweza kusema kwamba wana figo safi kuliko wenzao.

Kwa hiyo rangi ya mkojo ni habari kuhusu maji: inaonyesha kama mwili unayabana au unayaachia. Haielezi kama figo ni safi au chafu. Bidhaa inayomfanya mtu akojoe sana imemwondolea maji, na mara nyingi pamoja nayo madini ya sodiamu na potasiamu ambayo moyo na misuli vinayahitaji. Mtu mwenye figo zilizodhoofika aweza pia kuwa na mkojo mweupe siku nzima, kwa kuwa figo hizo zimepoteza uwezo wa kuukoleza. Anayetaka kujua hali ya figo zake apime damu kwa kipimo cha kreatinini, na mkojo kwa kipimo cha protini. Vipimo hivyo vina maana hasa kwa mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu, maana figo huweza kudhoofika kwa miaka mingi pasipo maumivu yoyote.

Jambo moja husahaulika kwa urahisi: figo haitengenezi maji. Hata ibane kiasi gani, huhitaji takriban nusu lita ya mkojo kwa siku ili kutoa taka za mwili, na ngozi na pumzi navyo huendelea kupoteza maji. Mtu anayehara, anayetapika au anayefanya kazi juani pasipo kunywa, hufika mahali ambapo kubana peke yake hakutoshi. Damu ipitayo katika figo hupungua, na figo hujihami kwa kuipanua mishipa midogo inayoziletea damu, zikitumia kemikali ziitwazo prostaglandini.

Hapa ndipo penye hatari ambayo kwa maoni yetu haizungumzwi vya kutosha kaunta inapouza. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa nyingine za jamii hiyo hupunguza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini hizohizo. Kwa mtu mwenye afya na maji ya kutosha mwilini, dozi chache kwa kawaida hazileti madhara katika figo. Kwa aliyeishiwa maji, dawa hiyohiyo humvua figo kinga yake wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote, na figo huweza kushindwa kazi ndani ya siku chache. Hatari huongezeka kwa wazee, ambao kiu yao hupungua kadiri umri unavyosogea, na kwa wanaotumia dawa za shinikizo la damu pamoja na dawa za kukojosha. Mwenye kuhara anayeumwa kichwa au mgongo amweleze mfamasia kwamba anahara kabla ya kupokea dawa ya maumivu. Ni sentensi moja tu, na muuzaji makini wa duka la dawa huuliza hata kabla hajaambiwa. Anayetumia dawa za shinikizo asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amwone mtoa huduma mapema.

Kinachomfaa aliyepoteza maji ni mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi, yaani ORS. Sukari haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Ukuta wa utumbo huichukua pamoja na sodiamu, na maji huzifuata. Kosa tunalolisisitiza ni la vipimo. Pakiti nyingine zimetengenezwa kwa lita 1, nyingine kwa nusu lita, na kiasi hicho huandikwa kwenye pakiti. Pakiti ya lita 1 ikikorogwa katika chupa ya nusu lita, chumvi huwa nzito maradufu, na mtoto anayeinywa hulazimika kutumia maji ya mwili wake kuitoa. Wavuvi wa pwani yetu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo mzito kiasi hicho, hivyo anayeyanywa hupoteza maji mengi kuliko aliyoyapata. Pakiti isipopatikana, lita 1 ya maji safi na salama huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kujaza mlima.

Kuhusu agizo la glasi 8 za maji kila siku linalochapishwa katika matangazo ya maji ya chupa, hakuna idadi moja inayowafaa watu wote. Mpakiaji mizigo bandarini na karani wa ofisini hawapotezi maji sawa, na matunda, uji na mchuzi navyo ni maji. Kuzidisha nako kuna hatari yake. Figo za mtu mzima haziwezi kutoa zaidi ya takriban lita 1 kwa saa, na wakimbiaji wa mbio ndefu wamewahi kufariki dunia kwa sababu walikunywa maji mengi kuliko figo zilivyoweza kuyatoa, sodiamu ya damu ikashuka na ubongo ukavimba. Mtoto wa chini ya miezi 6, ambaye figo zake bado hazijakomaa, hapewi maji matupu. Maziwa ya mama yanamtosha hata wakati wa joto.

ORS iliyokwisha kukorogwa ifunikwe na itumike ndani ya saa 24. Inayobaki baada ya hapo imwagwe, na pakiti nyingine ifunguliwe.