Historia ya utumwa ianzie Kenyamonta ndipo ivuke Atlantiki

Mwanafunzi wa sekondari katika kata ya Kenyamonta, wilayani Serengeti, anaweza kukuchorea biashara ya pembetatu bila kufungua daftari. Ulaya inatoa bunduki, nguo na pombe. Afrika Magharibi inatoa watu. Amerika inatoa sukari, tumbaku na pamba. Mishale mitatu, na maksi zake kwenye mtihani anazipata. Ukimuuliza mchoro huo unamhusu vipi yeye, ambaye babu zake walifuga ng'ombe na kulima ulezi kusini mwa Mto Mara, atakwambia hayo ni mambo ya Wamarekani weusi.

Mtoto huyo hana kosa. Tumemfundisha utumwa wa Amerika kama msiba wa jirani asiyemjua, na utumwa wa kwetu kama habari ya Waarabu na Wazungu kule pwani. Katikati ya misiba hiyo miwili ameachwa yeye, bila kamba ya kumfunga na upande wowote. Kamba hiyo ipo, na inaonekana kwa macho.

Doti ya merikani

Mwalimu anaweza kuanza somo hili bila kuomba shilingi kwa mtu. Anyooshe mkono mbele ya darasa na apime kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Huo ndio mkono mmoja, au dhiraa. Katika karne ya 19 mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane doti, na kitambaa kizima kiliitwa jora. Kwa vipimo hivyo, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi, ikanunua chakula, pembe za ndovu, na binadamu.

Kitambaa kilichotafutwa kuliko vingine kilikuwa merikani, nguo nyeupe nzito isiyotiwa rangi. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kaskazini mwa Marekani, na kuletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa mji wa Salem. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Zanzibar kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Waters aliuchukia utumwa. Hata hivyo pamba iliyofumwa kuwa merikani ilivunwa na watumwa katika mashamba ya kusini mwa Marekani.

Hebu fuata safari ya kitambaa hicho. Mama wa Kiafrika anachuma pamba Alabama huku msimamizi mwenye mjeledi akimwangalia. Pamba inafumwa Massachusetts, inapakiwa Salem, inateremshwa Unguja. Mpagazi anaibeba kichwani hadi bara, na huko inabadilishwa kwa pembe za ndovu, au kwa kijana aliyetekwa vitani. Pembe zinarudi pwani na kuvuka bahari hadi viwanda vya Deep River na Ivoryton, jimboni Connecticut, ambako zinachongwa kuwa vitufe vya piano. Mtumwa wa Alabama na mateka wa Unyamwezi hawakuonana hata siku moja, lakini jasho la mmoja ndilo lililomnunua mwenzake. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, pamba iliadimika, nayo merikani ikapungua sokoni Zanzibar. Vitambaa vya Uingereza na India vikajaza nafasi yake.

Hapo mwalimu aongeze jambo moja la haki: wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira. Picha ya kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa imekaa vitabuni muda mrefu, na inawanyima watu hao ufundi na ushujaa wao. Kufundisha vizuri maana yake ni kufundisha pia yale yanayoharibu hadithi nyepesi.

Tumbo la mama

Takwimu za Atlantiki zinatisha. Wanahistoria wanakadiria kuwa Waafrika milioni 12.5 walipakiwa melini, na wapatao milioni 10.7 wakafika wakiwa hai. Waliopelekwa moja kwa moja Amerika Kaskazini hawakufikia 400,000, wengi mno wakienda Brazili na visiwa vya Karibi. Lakini mwaka 1860 watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni nne. Wameongezekaje hivyo?

Jibu moja kubwa limo katika sheria iliyotungwa Virginia mwaka 1662: mtoto hufuata hali ya mama yake. Mwenye shamba aliyemzalisha mtumwa wake alimmiliki mwanawe mwenyewe, akaweza kumuuza. Tumbo la mwanamke likawa mali ya mtu mwingine, na rangi ya ngozi ikawa alama ya mtumwa isiyofutika hata baada ya sheria kubadilika.

Kwenye pwani yetu, chini ya sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye bwana alizaa na suria wake alizaliwa huru na akarithi. Sultani Barghash wa Zanzibar mwenyewe mama yake alikuwa suria kutoka Uhabeshi. Tofauti hiyo haipunguzi hata chembe ya uovu wa mnada wa watumwa pale Mkunazini, mjini Zanzibar, wala mateso ya waliolima karafuu Unguja na Pemba. Inatusaidia kuelewa kwa nini makovu hayafanani. Marekani ilifuta utumwa kwa katiba mwaka 1865, kisha majimbo ya kusini yakajenga ubaguzi kwa sheria, na ilichukua miaka mia moja mpaka mwaka 1965 haki ya kura ya Mmarekani mweusi ilindwe kikamilifu. Kovu la kule liko kwenye ngozi, kila mtu analiona. Kovu la kwetu limo katika mambo tusiyoyasema.

Yasiyosemwa Mara

Misafara mikubwa haikuzoea kupita upande huu, ndiyo maana wengi huamini Mara haikuguswa. Lakini katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, na maradhi na njaa vikafuatana. Msafiri Oscar Baumann, raia wa Austria, alipopita nyanda za Ngorongoro mwaka 1892 aliandika kwamba alikuta Wamasai waliobaki ngozi na mifupa, na wazazi waliotaka kubadilisha watoto wao kwa nyama. Kwa upande wa Mara, mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya kazi ndefu na wazee wa huku, ameeleza jinsi watu walivyokwenda Usukuma kutafuta nafaka, na jinsi watoto walivyobadilishwa kwa chakula ili waliobaki nyumbani wapone.

Wapo pia watoto waliofika huku kwa njia hiyo hiyo, nao walipokelewa. Mtoto aliyepatikana kwa vibaba vya nafaka alipewa jina la nyumba, akaoa kwa ng'ombe wa mzee aliyemlea, akamzika mzee huyo. Kumkumbusha alikotoka lilikuwa tusi. Nauheshimu uungwana huo. Lakini siri ya namna hii haifi. Hulala miaka mingi, kisha siku ya ugomvi wa shamba au mahari mtu analitoa neno hilo hadharani, na mjukuu asiyejua lolote anabaki ameduwaa.

Kwa hiyo mwalimu wa Kenyamonta ana kazi inayotaka busara. Asisimame darasani kuuliza nani ni kizazi cha walionunuliwa. Awaambie wanafunzi wakirudi nyumbani wamuulize bibi au babu: njaa kubwa ilikujaje, watu walikwenda wapi, walibeba nini, walirudi na nini? Majina ya nyumba yabaki nyumbani. Yatakayoletwa darasani ni mambo yenyewe: sotoka, bei ya chakula, uamuzi wa mzazi aliyekosa njia. Mtoto aliyeelewa uamuzi ule hatamcheka mwenzake.

Kuuliza ushahidi

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Ni nafasi kubwa. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari alisoma mnyororo, mjeledi na mnada kwa Kiingereza cha kukariri, akafaulu mtihani bila moyo wake kuguswa. Sasa anaweza kubishana kwa lugha anayoitumia sokoni.

Abishane hata juu ya mambo ambayo watalii huonyeshwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa mahali pake. Karibu na kanisa kuna vyumba vya chini ambavyo wageni huambiwa vilihifadhi watumwa, lakini baadhi ya wanahistoria wanavitilia shaka, wakisema jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Mwanafunzi aulizwe: tungejuaje? Ukweli wa utumwa hautegemei chumba kimoja, na unaimarika kila ushahidi unapopimwa.

Aulizwe pia kuhusu miaka. Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mwaka huo huo wa 1922, Aprili, Julius Nyerere alizaliwa Butiama, mkoani Mara. Jambo tunaloliita la kale lilikuwa bado na sheria yake mwaka aliozaliwa Baba wa Taifa.

Marekani nayo haijamaliza ugomvi wa namna ya kufundisha. Mwaka 2023 jimbo la Florida lilipitisha mwongozo wa masomo uliosema watumwa walijifunza stadi zilizoweza kuwanufaisha, na watu wengi wakakasirika. Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1964, kule Mississippi, vijana wa harakati za haki walifungua shule za uhuru kwa sababu shule za serikali hazikuwafundisha watoto weusi historia yao. Kiongozi wa harakati hizo, Bob Moses, alikuja baadaye Tanzania na kufundisha hisabati kuanzia mwaka 1969 hadi 1976. Aliamini kuwa mtu aliyenyimwa elimu hajamaliza kukombolewa.

Kwa imani hiyo hiyo nina ombi kwa walimu, wazazi na maofisa elimu wa Serengeti na Tarime. Wapeni watoto vipindi viwili vya doti na mkono kabla ya mishale ya pembetatu. Wekeni simulizi za wazee wa Mara katika maktaba za shule. Mtoto wa Kenyamonta akijua kwamba njaa ya babu zake, pembe za ndovu na pamba ya Alabama zilipita katika soko moja, hataona tena historia ya Mmarekani mweusi kama habari ya mgeni. Na siku mtu atakapotaka kumdhalilisha mwenzake kwa asili yake, iwe Mississippi au kwenye baraza la ukoo hapa hapa, atakuwa na cha kumjibu.