Nyota wa Timu Akituhumiwa, Chuo Kinamlinda Nani?

Jumapili moja tulikuwa kwa dada yangu, pilau imeshaliwa, tumejinyoosha sebuleni tunapiga soga. Mara binti yake akatoka chumbani mbio, simu mkononi. "Mama mdogo, nimepata! Nimepata!" Chuo kimoja cha Texas, Marekani, kimempa ufadhili wa kwenda kucheza mpira wa kikapu: ada, chumba na chakula, vyote bure. Siyo siri, nilipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

Usiku nikafungua kompyuta nipate kukijua huko anakokwenda. Chuo chake sikukikuta na baya lolote. Lakini katika kupekua habari za michezo ya vyuo vya Texas nikakutana na mkasa wa chuo kingine, Baylor, na usingizi ukakata. Mpenzi msomaji, kama una mtoto, mdogo wako au mchumba anayesoma chuo, hapa au ng'ambo, mkasa huu unakuhusu.

Vigelegele uwanjani, kilio bwenini

Baylor ni chuo kikuu cha Wabaptisti kilichopo mji wa Waco. Kwa miaka mingi timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukamatana na kuangushana, ilikuwa ya kuchekwa tu. Akaja kocha Art Briles, mambo yakageuka. Mwaka 2013 wakachukua ubingwa wa ligi yao, na 2014 wakahamia uwanja mpya uliogharimu zaidi ya dola milioni 250. Mji mzima ukawa unaimba jina la timu.

Kumbe chini ya zulia kulikuwa na mambo. Januari 2014, mchezaji mmoja wa zamani wa timu hiyo alihukumiwa miaka 20 jela kwa ubakaji. Watu wakaanza kuuliza: chuo kilijua nini, na kilijua lini? Mwaka 2015 uongozi ukaajiri kampuni ya mawakili kutoka nje kuchunguza, na tarehe 26 Mei 2016 bodi ikatoa muhtasari wa yaliyoonekana.

Ni maneno mazito. Baadhi ya watu wa benchi la ufundi walikuwa wakikutana na walalamikaji wenyewe kwa wenyewe, wanafanya "uchunguzi" wao, kisha taarifa haifiki kwenye ofisi inayohusika. Wachezaji walikuwa na nidhamu yao ya ndani, tofauti na ya wanafunzi wengine. Na ofisa wa kushughulikia malalamiko haya kwa muda wote wa kazi hakuwepo mpaka Novemba 2014.

Kocha akaondolewa. Mkuu wa michezo akajiuzulu siku chache baadaye. Rais wa chuo, Kenneth Starr, akavuliwa wadhifa. Ndiyo, ni yuleyule mwanasheria aliyemwandama Bill Clinton kwenye sakata la Monica Lewinsky miaka ya 1990! Oktoba 2016, wajumbe wa bodi waliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba tangu 2011 wanawake 17 walikuwa wametoa tuhuma za kushambuliwa kingono au kupigwa, zikiwahusu wachezaji 19.

Lakini kilichonikata maini ni cha mwisho. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilitoa uamuzi wake Agosti 2021. Kuhusu namna chuo kilivyoshughulikia tuhuma za ngono, kikasema hakiwezi kukitia Baylor hatiani, maana mwenendo ule haukuvunja kanuni zake za michezo. Kanuni hizo zina kurasa kibao kuhusu nani apewe nini, lakini kwa hili hazikuwa na meno.

Mume wangu na ile nusu fainali

Nilimsomea mume wangu habari hii kitandani. Yeye aliwahi kuwa mshambuliaji wa timu ya chuo chake. Akasema, "Lakini mke wangu, si unajua mabinti wengine wanavyowaandama wachezaji?" Basi ikawa kesi. Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Asubuhi, akiwa anapiga pasi shati lake, akaanza mwenyewe bila kuulizwa. Wakiwa mwaka wa pili, mwenzao mmoja alituhumiwa na binti wa mwaka wa kwanza. Wiki ile kulikuwa na nusu fainali. Kiongozi mmoja wa timu akawaita vijana, akawaambia waende wakaongee na binti yaishe. Wakaenda sita, yeye mmojawao. Wakasimama mlangoni pa chumba chake, wakamwomba asimharibie mwenzao maisha.

"Tulimwomba kwa heshima kabisa," akasema. Akazima pasi. "Lakini tulikuwa sita."

Muhula uliofuata yule binti hakurudi. Nikamuuliza kama kuna aliyemtafuta. Akatikisa kichwa. "Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tumeshinda ile mechi."

Sikuwa na la kusema. Ila ndo nikaelewa kwamba yaliyotokea Waco hayakuhitaji watu wenye roho mbaya sana. Yalihitaji tu malalamiko yapelekwe kwa mtu ambaye Jumamosi anamhitaji mtuhumiwa uwanjani.

Na kijana akisingiziwa je?

Najua kuna kaka anasoma hapa ameshakunja uso. Haki yako, kaka, maana hilo nalo limetokea. Machi 2006, wachezaji wa timu ya lakrosi ya Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, walituhumiwa kumbaka mwanamke aliyeitwa kucheza dansi kwenye sherehe yao. Watatu wakashtakiwa. Chuo kikafuta msimu mzima wa timu, kocha akalazimika kuondoka, na kampasi ikawaka moto kabla ushahidi haujapimwa. Aprili 2007, mwanasheria mkuu wa jimbo akafuta mashtaka yote na kutamka kwamba vijana wale hawana hatia. Mwendesha mashtaka akanyang'anywa leseni ya uwakili. Desemba 2024, mwanamke mwenyewe akakiri hadharani kwamba alisema uongo.

Weka Baylor huku na Duke kule. Mmoja ulificha, mwingine ulikurupuka. Lakini ugonjwa ninaouona mimi ni mmoja: jina la chuo lilitangulia, ukweli ukafuata nyuma. Binti akaumia kule, vijana wakaumia huku.

Utaratibu wenyewe ukoje?

Marekani wana sheria iitwayo Title IX, ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Unyanyasaji wa kingono unahesabiwa humo. Kila chuo kinatakiwa kiwe na ofisa wake, na jina lake litangazwe. Binti, au kijana maana nao hutendwa, anaweza kwenda kwake akasaidiwa hata kabla ya kufungua malalamiko rasmi: kuhamishiwa bweni jingine, kubadilishiwa vipindi, au kuwekewa amri ya kutokaribiana na mwenzake.

Akifungua rasmi, mtuhumiwa anapewa tuhuma kwa maandishi. Pande zote mbili zinauona ushahidi. Kwa kanuni za 2020, vyuo vikuu vinafanya kikao ambako mashahidi wanahojiwa, lakini anayehoji ni mshauri wa kila upande, siyo wahusika wenyewe kwa wenyewe. Anayechunguza siyo anayeamua, na kuna rufaa. Serikali ya Biden ilileta kanuni mpya 2024, mahakama ikazifuta Januari 2025, za 2020 zikarudi.

Elewa pia kwamba chuo siyo mahakama. Kinaweza kumsimamisha au kumfukuza mwanafunzi, lakini hakimfungi mtu. Polisi ni njia nyingine, na mtu anaweza kuzifuata zote mbili.

Kabla hujafunga begi

Tulikaa na binti yetu, mimi, mama yake na mume wangu, tukaandika maswali ya kukiuliza chuo. Nawe yachukue:

1. Nani anapokea malalamiko, na ofisi yake iko wapi? Asiwe mtu wa timu.
2. Kocha akiambiwa jambo, analazimika kulipeleka wapi, na kwa muda gani?
3. Mlalamikaji akiwa naye ni mchezaji, ufadhili wake unalindwaje?
4. Mtuhumiwa anaruhusiwa kucheza wakati uchunguzi unaendelea? Nani anaamua?
5. Je, chuo kinaangalia rekodi ya mchezaji anayehamia kutoka chuo kingine?

Dada aliogopa. "Si watamwona mkorofi hata kabla hajafika? Wakimnyima nafasi je?" Mume wangu ndiye aliyesema barua iende. "Wakimnyima kwa kuuliza, shemeji, basi tumeshajibiwa."

Tukasubiri siku nne. Siku ya tano kocha akajibu, mwanamama, kwa barua pepe fupi tu. Akataja jina la ofisa, jengo na namba ya simu. Chini akaongeza kwamba akiletewa jambo kama hilo yeye haulizi maswali wala hamwiti mtu ofisini kwake, analipeleka kwa ofisa siku hiyohiyo, hata kama kesho yake kuna fainali.

Mume wangu alisoma mara mbili. Kisha akamrudishia binti simu yake na kumwambia, "Haya mwanangu, funga begi."