NICODEMUS, TARAFA ILIYOKOSA RELI

Katika jimbo la Kansas, katikati ya nchi ya Marekani, iko tarafa ndogo ya wakulima iitwayo Nicodemus. Nchi yake ni tambarare yenye nyasi nyingi na miti michache, na karibu yake wapita Mto Solomon wa Kusini.

Nyanda hizo zilipimwa kwa kanuni iliyowekwa na Serikali mwaka 1785. Kila mraba wenye maili 6 kila upande uligawanywa mafungu 36, na kila fungu lilikuwa na ekari 640. Kisha, kwa sheria ya mwaka 1862, mtu aliyekaa miaka 5 katika ekari 160 na kuzilima aliweza kupewa hati ya kuzimiliki.

Habari ya ardhi iliwavuta watu weusi wa Kentucky, ambao walitoka utumwani mwaka 1865. Mnamo Septemba 1877 walifika Nicodemus watu wapatao 300. Badala ya mji waliona moshi ukitoka ardhini, kwa maana waliotangulia walikaa katika mashimo waliyoyachimba kwa kukosa miti ya kujengea. Baadhi yao walirudi. Waliobaki hawakuwa na plau wala ng'ombe wa kutosha, wakalima kwa mikono. Yasimuliwa kwamba katika baridi ya kwanza watu wa kabila la Osage, wakitoka kuwinda, waliwagawia nyama.

Miaka kumi baadaye palikuwa na makanisa, shule, maduka, hoteli, benki na magazeti mawili. Lakini mazao bila njia ya kufika sokoni hayana faida kubwa. Kwa hiyo mwaka 1887 wenyeji walipiga kura kutoa dola 16,000 ili reli ipite kwao. Mwaka 1888 reli ilijengwa ng'ambo ya mto. Wafanyabiashara wengi wakahamia huko, mahali palipokuja kuitwa Bogue, nao mji ukapungua. Ukame na tufani za vumbi za miaka ya 1930 zikawaondoa wengine.

Wakazi waliosalia ni wachache sana. Hata hivyo, mwaka 1996 Serikali iliweka majengo matano ya Nicodemus chini ya hifadhi ya taifa, mojawapo likiwa ukumbi wa tarafa uliojengwa mwaka 1939. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu hurudi kutoka miji ya mbali kukutana hapo. Reli iliwanyima biashara, bali haikuwanyima ardhi ambayo wazee wao waliipata kwa jasho lao.