Betri Ndogo, Hatari Kubwa

Tazama betri kubwa ya tochi. Tazama na betri nyembamba ya saa ya ukutani. Ipi inasukuma umeme kwa nguvu zaidi? Zote ni sawa. Kila moja ina volti 1.5. Ile kubwa hudumu zaidi, basi.

Msukumo wa umeme hautokani na ukubwa wa betri. Unatokana na vitu viwili vilivyomo ndani. Kimoja hutoa umeme, cha pili huupokea. Katika betri hizi vitu hivyo ni zinki na unga mweusi wa manganizi.

Sasa tazama betri bapa, mviringo kama sarafu. Imo katika rimoti na vitu vya kuchezea watoto. Nyingi zina madini ya lithiamu. Ni ndogo, lakini zina volti 3.

Mtoto akiimeza, inaweza kukwama kooni. Mate huunganisha pande zake mbili, umeme ukapita. Kuyavunja maji kunahitaji kiasi cha volti 1 na robo tu. Hapo hutokea soda kali, kama ile ya kutengenezea sabuni. Soda hiyo huunguza koo. Saa 2 zinatosha kuleta madhara makubwa. Hata betri iliyokwisha huunguza.

Mzazi, usimtapishe mtoto. Usingoje aumwe. Mkimbize hospitali: Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani. Sema: "Amemeza betri." Apigwe picha ya eksirei mara moja.

Betri zote, mpya na kuukuu, ziweke mbali na watoto.