Kaya Huhitimu Lini Msaada wa Chakula?

Kuhitimu, katika mipango ya hifadhi ya jamii, ni hatua ambayo kaya huondolewa kwenye orodha ya walengwa wa msaada kwa kuwa sasa inaweza kujitegemea. Nchini Ethiopia, ambako mpango mkubwa wa kuzisaidia kaya zenye uhaba sugu wa chakula ulianza mwaka 2005, hatua hiyo iliwekewa masharti mawili: kaya iweze kujilisha kwa miezi 12 bila msaada, na iweze kuhimili misukosuko ya wastani.

Ugumu umo katika kupima. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) hutumia alama za ulaji: kaya huulizwa ilikula kila kundi la chakula kwa siku ngapi kati ya 7 zilizopita, kisha siku hizo huzidishwa kwa uzito wa kundi, nafaka zikiwa na 2, kunde 3, nyama na maziwa 4, mafuta na sukari nusu. Kaya inayokula nafaka, mafuta na sukari kila siku hupata alama 21, ambazo kwa viwango vya kawaida ni ulaji duni. Ikiongeza maharage kwa siku 5 hufikisha 36 na kuvuka 35, mpaka wa ulaji wa kuridhisha. Lakini alama hizo hazionyeshi kama maharage yametoka shambani au kwenye mgawo, hivyo chungu kilichojazwa na msaada huweza kudhaniwa kuwa ushahidi kwamba msaada hauhitajiki tena.

Ndiyo maana Ethiopia ilithaminisha pia mali, hasa mifugo, na kuilinganisha na kiwango cha kila jimbo. Hata hivyo, ng'ombe aliyenunuliwa kwa mkopo huweza kuhesabiwa ilhali deni halijalipwa, na ukame hushusha bei ya mifugo huku ukipandisha ya nafaka, hata thamani iliyoandikwa daftarini ikapotea pale inapohitajika. Watafiti walibaini pia kwamba malengo ya idadi ya wahitimu yaliwasukuma watendaji kuziondoa kaya kabla ya wakati.

Kipimo cha haki, basi, hufanywa kipindi cha mwambo, ghala linapokuwa tupu, wala si baada ya mavuno pekee. Hurudiwa mwaka unaofuata. Na huiachia njia ya kurejea kaya iliyoanguka tena, huku wazee na wagonjwa wasioweza kufanya kazi wakiendelea kusaidiwa bila kudaiwa kuhitimu.