Breki za diski za haidroliki za ngazi ya awali

Breki za diski za haidroliki za ngazi ya awali ni breki za baiskeli zinazosukumwa kwa mafuta badala ya kuvutwa kwa waya, na ambazo watengenezaji huziuza kwa bei ya chini katika orodha zao. Hufungwa hasa kwenye baiskeli za milimani za bei nafuu na za bei ya kati. Kanuni yake ya kazi ni ileile ya breki za gharama kubwa. Tofauti ziko katika idadi ya pistoni, uwezo wa kuhimili joto, urahisi wa kurekebisha na aina ya pedi zinazoruhusiwa. Kwa sababu hiyo ubora wake haupimwi kwa nguvu ya kukamata peke yake. Hupimwa pia kwa kuangalia kama breki itafanya kazi vilevile mwishoni mwa mteremko mrefu, wakati wa mvua na baada ya pedi za kwanza kwisha.

## Historia

Breki ya diski ilianza kwenye magari. Mwaka 1902 mhandisi Frederick Lanchester wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya breki ya aina hiyo. Matumizi ya mafuta kusukuma breki za magurudumu yote manne yalionekana kwenye gari la Duesenberg Model A la Marekani mwaka 1921.

Baiskeli za milimani zilianza kupata umbo lake katika miaka ya 1970 huko Marin County, jimbo la California. Kuanzia mwaka 1976 vijana wa huko walishindana kushuka njia ya vumbi iliyoporomoka takriban mita 400 katika umbali wa zaidi kidogo ya kilomita 3. Baiskeli zao kuukuu zilikuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, iliyokamata mwendeshaji alipokanyaga pedali kinyume. Joto liliunguza grisi ya kitovu ikatoka kama moshi, na baada ya kushuka ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Ndiyo maana mashindano hayo yaliitwa Repack, jina linalomaanisha "kujaza upya". Tatizo la joto la breki kwa hiyo ni la zamani kama mchezo wenyewe.

Baadaye zilitumika breki za waya zinazobana rimu ya gurudumu. Mwaka 1987 kampuni ya Magura ya Ujerumani ilileta breki za rimu zinazosukumwa kwa mafuta. Mbio za baiskeli za milimani ziliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996, na katika miaka hiyo breki za diski zilianza kuenea kwenye baiskeli za gharama kubwa. Hatimaye zilishuka hadi kwenye baiskeli za bei nafuu kupitia watengenezaji kama Shimano ya Japani na Tektro ya Taiwan.

## Muundo na utendaji kazi

Breki moja ina sehemu kuu nne:

- Wenzo, yaani sehemu iliyo kwenye usukani na kuvutwa kwa vidole. Ndani ya kasha lake kuna pistoni ndogo, na kwa kawaida kuna pia tangi dogo la mafuta ya akiba.
- Mpira mwembamba na mgumu unaopeleka mafuta hadi kwenye gurudumu.
- Kalipa, yaani sehemu iliyofungwa kwenye fremu au kwenye uma wa mbele. Ina pistoni zinazosukuma pedi.
- Diski ya chuma iliyofungwa kwenye kitovu cha gurudumu.

Utendaji wake hufuata kanuni ya Blaise Pascal, mwanasayansi Mfaransa wa karne ya 17: shinikizo likiongezwa kwenye kimiminika kilichofungiwa, huenea kwa usawa pande zote. Mfano wa hesabu unaonyesha faida yake. Tuseme vidole vinavuta wenzo kwa nguvu ya nyutoni 50, na wenzo huo unaikuza mara 5 hadi nyutoni 250. Kama pistoni ya wenzo ina kipenyo cha milimita 10 na kila pistoni ya kalipa ina milimita 22, eneo la pistoni ya kalipa ni kubwa mara 4.84. Kila pedi basi inasukumwa kwa nguvu ya takriban nyutoni 1,200.

Nguvu hiyo hulipiwa kwa umbali, kwani pedi husogea kidogo sana wenzo unapovutwa. Kwa hiyo nafasi kati ya pedi na diski huwa ndogo mno, na diski iliyopinda hata kidogo husugua pedi na kupiga kelele. Kwa sababu hiyohiyo povu dogo la hewa ndani ya mafuta huharibu breki. Hewa hubanwa kwa urahisi, mafuta hayabanwi, na mwendo mfupi wa wenzo huishia kubana hewa badala ya kusukuma pedi.

Pedi zinapolika, pistoni husogea mbele zenyewe na mafuta ya akiba hujaza nafasi. Breki za waya za bei nafuu hazina uwezo huo, na mwendeshaji hulazimika kuzikaza mara kwa mara.

## Joto

Breki hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 90 wakishuka mita 100 za wima bila kuongeza kasi, nishati inayopaswa kuondolewa ni takriban kilojuli 88. Hiyo inatosha kuchemsha kama robo lita ya maji kutoka nyuzijoto 20. Sehemu ya nishati huondolewa na upepo na matairi, lakini katika njia yenye mwinuko mkali nyingi huishia kwenye diski mbili nyembamba.

Joto likizidi, pedi hupoteza msuguano na mwendeshaji hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi kupata matokeo yaleyale. Likizidi tena, maji yaliyomo ndani ya mafuta huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hubanwa kama hewa, na wenzo unaweza kufika hadi kwenye usukani bila baiskeli kusimama. Katika jambo hili breki za ngazi ya awali huachwa nyuma, kwa kuwa huwa na pedi ndogo zisizo na mapezi ya kupozea na diski rahisi. Kwa mteremko mfupi tofauti hiyo haionekani.

## Vigezo vya kupima

### Nguvu na udhibiti

Breki yoyote nzima ya haidroliki inaweza kulifunga gurudumu la nyuma lisizunguke. Zaidi ya hapo kikomo ni mshiko wa tairi kwenye ardhi, na gurudumu linaloburuzwa halisimamishi baiskeli vizuri. Swali muhimu zaidi ni kama mwendeshaji anaweza kuongeza na kupunguza nguvu kidogokidogo kwa kidole kimoja au viwili, na kama vidole vyake vitachoka.

Breki za ngazi ya awali kwa kawaida zina pistoni mbili. Zenye pistoni nne hubana pedi ndefu zaidi, na huwafaa waendeshaji wazito, baiskeli za umeme na miteremko mirefu. Urefu wa wenzo pia ni wa kuangaliwa: baadhi hutengenezwa kwa vidole vitatu, na hupunguza mshiko wa mkono kwenye usukani njia inapokuwa na mawe. Mwenye mikono midogo ahakikishe kuna skrubu ya kusogeza wenzo karibu na usukani.

### Pedi na diski

Pedi za resini ni tulivu na hukamata vizuri zikiwa baridi, lakini hulika haraka kwenye matope. Pedi za metali hudumu zaidi na huhimili joto, ingawa zina kelele zaidi. Diski nyingi za bei nafuu ni za chuma laini na huandikwa kwenye uso wake kwamba zinatumia pedi za resini tu. Pedi za metali huimaliza haraka diski ya namna hiyo. Anayenunua breki rahisi kwa matumaini ya kuziboresha kwa pedi za metali ajue kwamba huenda atalazimika kununua na diski mpya.

Vipenyo vya kawaida vya diski ni milimita 160, 180 na 203. Kubadili kutoka 160 hadi 180 huongeza nguvu ya kusimamisha kwa takriban asilimia 12 bila kubadili breki yenyewe, na diski kubwa hupoa vizuri zaidi. Hata hivyo uma na fremu zina ukubwa wa mwisho ulioruhusiwa na mtengenezaji.

### Mafuta

Kuna aina mbili kuu. Mafuta ya madini hayanyonyi maji na hayaharibu rangi ya fremu. Mafuta ya DOT, yaleyale yanayotumika kwenye magari, hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Kwa DOT 4 kiwango cha chini kinachotakiwa ni nyuzijoto 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Hivyo yanahitaji kubadilishwa mara kwa mara.

Aina hizi mbili hazichanganywi wala kubadilishana. Mipira ya ndani iliyotengenezwa kwa aina moja huvimba na kuharibika ikikutana na nyingine, na breki hushindwa kufanya kazi. Kosa hili ni rahisi kutokea pale ambapo duka la vipuri vya magari liko jirani na duka la baiskeli liko mbali. Aina ya mafuta inayotakiwa huandikwa kwenye kasha la wenzo au kwenye kifuniko cha tangi.

### Vipimo vya kufungia

Diski hufungwa kwenye kitovu kwa bolti sita au kwa meno na nati moja ya katikati, na mifumo hiyo haiingiliani bila kiunganishi. Kalipa nazo zina mifumo tofauti ya kufungia. Zaidi ya hayo, nchini Uingereza breki ya mbele huwa upande wa kulia wa usukani, na nchini Marekani huwa kushoto. Seti iliyojazwa mafuta kiwandani kwa desturi ya nchi moja inaweza kuwa na mpira mfupi usiofika kwa mpangilio wa nchi nyingine.

### Vipuri

Breki isiyopatikana pedi zake ni hasara hata ikiwa nzuri. Umbo la pedi hutofautiana kati ya mtengenezaji na mwingine, hivyo kigezo hiki hustahili kuangaliwa kabla ya bei.

## Mifano

Shimano MT200 ina pistoni mbili, hutumia mafuta ya madini na imekusudiwa kwa pedi za resini. Pedi zake, kama zile za umbo la B01S na B05S, hutumika pia kwenye modeli nyingine kadhaa, jambo linalorahisisha kuzipata. Tektro HD-M275 nayo ina pistoni mbili na hutumia mafuta ya madini. SRAM ya Marekani ilitumia mafuta ya DOT katika breki zake za Level, zikiwemo za daraja la chini. Kwa hiyo bei zinazokaribiana hazimaanishi matunzo yanayofanana.

## Majaribio kabla ya kununua

Breki iliyokwisha kufungwa inaweza kupimwa bila vifaa:

1. Wenzo huvutwa kwa nguvu. Unapaswa kusimama imara kabla ya kufika kwenye usukani.
2. Wenzo hushikiliwa hivyo kwa nusu dakika. Ukizama polepole, kuna uwezekano mafuta yanavuja.
3. Wenzo hupigwa mara kadhaa haraka. Kama unaanza laini kisha unakuwa mgumu, kwa kawaida kuna hewa ndani.
4. Gurudumu huinuliwa na kuzungushwa. Diski inayoyumba huonekana kwa macho kati ya pedi.
5. Maungio ya mpira na kalipa hukaguliwa. Unyevu wa mafuta hapo ni dalili ya hatari, kwani pedi iliyolowa mafuta hupoteza msuguano.

Breki mpya kukamata kwa udhaifu siyo lazima iwe mbovu. Pedi na diski huhitaji kuzoeana: baiskeli huendeshwa kwa kasi ya wastani na kupunguzwa mwendo taratibu karibu mara 20, bila kuifunga breki kabisa. Nguvu huongezeka kadiri zoezi linavyoendelea.

## Matunzo

Shimano huelekeza pedi zibadilishwe sehemu ya msuguano inapobaki milimita 0.5, na diski yenye unene wa milimita 1.8 ibadilishwe inapofika 1.5. Diski husafishwa kwa spiriti, na mafuta ya mnyororo hayapaswi kuigusa. Gurudumu likitolewa, wenzo usivutwe, kwa sababu pistoni hutoka na pedi hukaribiana. Kipande safi cha plastiki au cha kadibodi huwekwa katikati ya pedi kuzuia hilo. Breki yenye hewa hutolewa upepo na kujazwa mafuta ya aina yake.

Breki ya ngazi ya awali yenye pedi nzima, mafuta safi na diski iliyonyooka ni salama zaidi kuliko ya gharama kubwa iliyoachwa bila matunzo. Kikomo chake kiko kwenye miteremko mirefu na mizigo mizito. Hapo dalili ya kwanza ni vidole kulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo wa mteremko, na inapotokea mwendeshaji husimama hadi diski ipoe.